Kutenga folda zisikaguliwe na Defender: kompyuta ya nyumbani, kazi za video, Mwanza

Studio_Mkolani – Ijumaa, saa 2:15 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua Windows Defender kwa undani.

Mashine ni laptopu Core i5, RAM 8 GB, diski ya kuzunguka ya 500 GB iliyogawanywa C: na D:, Windows 10. Hakuna antivairasi nyingine zaidi ya hiyo iliyokuja na Windows. Kazi yake kubwa ni kuhariri video za harusi na send-off kwenye Premiere Pro, na wikiendi watoto wanaitumia kwa masomo.

Kila projekti ikifunguliwa, Task Manager inaonyesha diski 100% na “Antimalware Service Executable” (ndiyo Defender yenyewe) iko juu kabisa kwa dakika kumi na kitu. Halafu kuna programu ndogo ya hesabu za kikoba ambayo kijana mmoja ametuandikia. Defender inaikamata kila ikiwekwa. Na kadi za kamera pamoja na flashi za wateja zinaingia kama E: au F:.

Nimefikiria kuitenga D: yote, na E: pia, zisikaguliwe kabisa. Ni sahihi? Hatua zikoje? Na nitajuaje kwamba kweli zimetengwa?

---

Fundi_Kirumba – Ijumaa, saa 3:02 usiku

Mkuu, D: usiitenge yote. E: ndiyo usiiguse kabisa.

Programu inapofungua faili, au inapomaliza kuliandika, Defender inakaa katikati, inalitazama, ndipo inaliachia. Faili lililokwisha kutazamwa na halijabadilika haliangaliwi upya kila mara. Kwa hiyo klipu kubwa za MP4, hata za 4 GB, si mzigo kama watu wanavyodhani: zimeingia mara moja na hazibadiliki. Mzigo uko kwenye mafaili madogo madogo yanayozaliwa na kuandikwa upya wakati kazi inaendelea. Premiere inatengeneza .cfa na .pek kwa ajili ya sauti ya klipu zako. Ukiwa na klipu 300 hayo ni mamia ya mafaili. Premiere inayaandika, Defender inayasoma, wote kwenye diski moja ya kuzunguka ambayo kichwa chake kinarushwa huku na huko. Hapo ndipo 100% inapotoka.

Mafaili hayo yako kwenye folda mbili, “Media Cache” na “Media Cache Files” (kashe, yaani mafaili ya muda ya Premiere), ndani ya C:\Users\jina lako\AppData\Roaming\Adobe\Common. Usizitenge zikiwa hapo. Zihamishe kwanza:

1. Tengeneza folda D:\Kashe. Iwe tupu, na isiwekwe kitu kingine chochote daima.
2. Kwenye Premiere nenda Edit, Preferences, Media Cache. Bonyeza Browse kwa sehemu zote mbili, chagua D:\Kashe. Ikiuliza kama ihamishe kashe ya zamani, kubali.
3. Funga Premiere. Bonyeza Start, andika Windows Security, ifungue.
4. “Virus & threat protection”, kisha “Manage settings”, shuka mpaka chini kwenye Exclusions, bonyeza “Add or remove exclusions”.
5. “Add an exclusion”, chagua Folder, elekeza D:\Kashe. Windows ikiomba ruhusa, bonyeza Yes.

Inaanza kazi palepale, huna haja ya kuwasha upya. Folda zote zilizo ndani ya Kashe nazo zinaachwa, ndiyo maana nimesisitiza isiwe na kitu kingine.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja: folda inayostahili kutengwa ni ile inayojazwa na programu yako peke yake. Folda yoyote ambayo mtu, kivinjari, WhatsApp au flashi inaweza kutia kitu, inabaki kwenye ukaguzi. Kwa hiyo Downloads hapana, Desktop hapana, Temp (folda ya mafaili ya muda ya Windows) hapana, AppData nzima hapana, C:\ ndiyo kabisa hapana. Vivyo hivyo usitenge aina ya faili kama .exe au .zip, maana hapo umefungua mlango kwenye kompyuta nzima.

Kuna mtego kwenye hiyo menyu: chaguo la Process. Ukiandika Process “Adobe Premiere Pro.exe”, wengi wanadhani wameitenga Premiere. Maana yake halisi ni kwamba kila faili litakalofunguliwa na Premiere halitakaguliwa papo kwa papo, popote lilipo, hata kama liko kwenye flashi ya mteja. Na ukiandika jina tupu bila njia nzima kuanzia C:\, programu yoyote iliyojipa jina hilo inapata msamaha uleule. Kaa kwenye Folder.

---

Nyegezi_IT – Ijumaa, saa 3:40 usiku

Naunga mkono, ila mimi ningepima kabla ya kutenga. Watu wanatenga kwa kubahatisha, kisha wanabaki na orodha ya folda kumi na mashine ni ileile nzito.

Defender ina kipimo chake. Bofya kulia kwenye Start, fungua “Windows PowerShell (Admin)”, yaani dirisha la kuandikia amri ukiwa msimamizi, andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\pima.etl

Iache hivyo. Fungua projekti yako nzito kuliko zote, fanya kazi dakika tano, rudi kwenye dirisha, bonyeza Enter. Kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\pima.etl -TopFiles 15 -TopProcesses 5 -TopExtensions 5

Itakupa majedwali matatu: mafaili yaliyochukua muda mwingi kukaguliwa, programu zilizosababisha ukaguzi huo, na aina za mafaili. Angalia safu ya Duration na ile ya Count. Count kubwa yenye muda mdogo kwa kila moja ni dalili ya mafaili mengi madogo, kama alivyosema Fundi. Count ndogo yenye Duration kubwa ni faili moja zito, na hilo kwa kawaida dawa yake si kutenga.

Amri hiyo ikikataa kwamba haijulikani, Defender yako imepitwa na wakati. Fanya Windows Update kwanza.

---

Studio_Mkolani – Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Asanteni sana. Nimepima kabla sijahamisha kashe. Kwa programu, ya kwanza ni Adobe Premiere Pro.exe, ya pili ni SearchProtocolHost.exe, na hazijaachana sana. Kwa aina: .cfa, .pek, halafu .mp4. Hiyo SearchProtocolHost ni nini? Niitenge?

---

Nyegezi_IT – Jumamosi, saa 4:51 asubuhi

Usiitenge. Hiyo ni sehemu ya Windows inayoandaa faharasa ya kutafutia mafaili. Inafungua mafaili yako ili kuyaorodhesha, na kila inapolifungua moja Defender nayo inalitazama. Kazi moja inalipiwa mara mbili.

Iambie isiingie huko: Settings, Search, “Searching Windows”. Angalia kama umechagua Enhanced. Hiyo inaorodhesha kompyuta nzima. Rudisha Classic. Kama unaitaka Enhanced, basi hapo chini ongeza D:\Kashe na folda ya klipu ghafi kwenye zinazoachwa. Hapa unazizuia zisiorodheshwe kwa ajili ya kutafuta tu, ulinzi haujaguswa. Kwa hiyo huku unaweza kuwa huru, weka hata D:\Video nzima.

Ukimaliza yote mawili, kashe na faharasa, pima tena kwa projekti ileile.

---

Ziwa_na_Waya – Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Niongezee la E:, kwa sababu hapa mjini flashi inazunguka kuliko bando.

Defender haitengi diski, inatenga maandishi ya njia. Ukiandika E:\, umeiambia kwamba chochote kitakachochomekwa na kupewa herufi E kisiangaliwe. Leo ni kadi ya kamera, kesho ni flashi iliyotoka steshenari ambako imechomekwa kwenye mashine ya kila mtu. Ile kirusi inayoficha folda za mteja na kuziwekea shotikati zenye majina yaleyale inaingia kwa njia hiyohiyo: unabofya unachodhani ni folda “Harusi”, kumbe unaendesha skripti. Defender ikiwa macho, mara nyingi inaikamata pale pale unapofungua flashi.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo: mwenye diski ya nje anatenga F:\Kashe, siku ya pili diski inaingia kama G: na utengaji haufanyi kazi, analalamika kwamba Defender imejisahaulisha. Haijasahau, njia ndiyo iliyobadilika. Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, bofya kulia sehemu ya diski hiyo, “Change Drive Letter and Paths”, ipe herufi ya mbali kama S:. Windows itaikumbuka kwenye mashine hiyo, na kadi za wateja hazitafika herufi hiyo.

Kadi ya kamera yenyewe iache ikaguliwe. Nakili kwenda D:\Video, usihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi.

Na kama flashi ya mteja imeshaonyesha shotikati tupu, usibofye hata moja. Ikague kwanza kwa kubofya kulia jina la flashi, kisha kwenye PowerShell ya msimamizi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ili folda zilizofichwa zirudi kuonekana. Futa zile shotikati, nakili kilicho cha mteja tu.

---

Buzuruga_Dev – Jumamosi, saa 7:10 mchana

Hakuna aliyegusa programu ya kikoba, na hiyo ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko kashe, maana hapa unatenga kitu kinachoendeshwa.

Fungua Windows Security, “Protection history”, soma jina Defender ililoipa. Likiishia na !ml, kwa mfano Trojan:Win32/Wacatac.B!ml, maana yake ni makisio ya mashine iliyofundishwa kutambua sura za virusi. Haijakuta kirusi inachokijua kwa jina. Makisio hayo yanakosea mara nyingi kwa programu ndogo zisizo na saini ya mwandishi, hasa za Python zilizofungwa kuwa faili moja la .exe kwa PyInstaller. Lakini yanapatia pia. Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

Kwanza, mwombe mwandishi alama ya SHA-256 (msimbo mrefu unaobadilika faili likibadilishwa hata kidogo) ya faili alilolitoa yeye. Wewe upande wako chomoa intaneti, litoe faili karantini kwa “Restore”, usilifungue, andika:

Get-FileHash "D:\Kikoba\kikoba.exe"

Zikilingana herufi kwa herufi, faili halikubadilishwa njiani. Zisipolingana, lifute. (Defender ikiliwahi kabla hujaandika amri, tenga faili hilo moja kwa dakika hizo, kisha litoe kwenye orodha.)

Pili, mwambie mwandishi alipeleke Microsoft kwenye ukurasa wao wa kuwasilisha mafaili kwa uchunguzi, alitaje kuwa limekamatwa kimakosa. Hiyo ndiyo dawa ya kudumu, kwa sababu marekebisho yanawafikia wanakikoba wote, si kompyuta yako tu. Mkitaka kuliangalia VirusTotal (tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi), pakieni .exe peke yake. Faili la data lenye majina ya wanachama na michango yao lisiende huko, maana vinavyopakiwa pale vinaweza kupakuliwa na wengine.

Tatu, kama ni PyInstaller, aijenge kwa --onedir badala ya --onefile. Ile ya faili moja, kila ikifunguliwa, inajifungua ndani ya Temp kwenye folda inayoanza na _MEI na namba zinazobadilika kila mara. Kwa hiyo hata ukiitenga .exe, vilivyofunguliwa Temp vinakaguliwa na kukamatwa, na wewe unashawishika kuitenga Temp. Usikubali kufika huko. Ya --onedir inakaa mahali pamoja.

Ukishajiridhisha, iweke C:\Program Files\Kikoba, sio D:\Kikoba, na tenga faili moja: “Add an exclusion”, File, uchague kikoba.exe. Utengaji unaangalia njia na jina, hauangalii yaliyomo. Faili likikaa D: ambako kila mtu anaandika, kirusi chochote kinaweza kulifuta na kuchukua jina lake. Ndani ya Program Files hakiwezi bila ruhusa ya msimamizi. Data za kikoba zihifadhiwe kwingine, zikaguliwe kama kawaida.

Na watoto watengenezee akaunti yao ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Akaunti hiyo haiwezi kuongeza wala kuondoa kitu kwenye orodha ya vilivyotengwa.

---

Fundi_Kirumba – Jumamosi, saa 8:05 mchana

Hilo la akaunti ni la muhimu kuliko yote yaliyosemwa hapa. Programu yoyote unayoiruhusu kuendeshwa kama msimamizi inaweza kujiongeza yenyewe kwenye orodha ya Exclusions kwa mstari mmoja wa PowerShell, bila dirisha lolote kuonekana. Virusi vingi vinaanza kazi kwa kufanya hivyo. Kwa hiyo itazame orodha yako, usiishie kuiandika tu:

Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath

Ni lazima iwe PowerShell ya msimamizi, vinginevyo haitakuonyesha. Rudia ukibadilisha neno la mwisho kuwa ExclusionProcess, kisha ExclusionExtension. Ukikuta C:\, au C:\Users, au .exe, au folda usiyoijua ndani ya AppData au ProgramData, na si wewe uliyeiweka, mashine imeshaguswa. Iondoe:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "njia uliyoikuta"

kisha rudi Windows Security, “Scan options”, endesha “Microsoft Defender Offline scan”. Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Hakikisha laptopu ina chaji au umeme upo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu Premiere nyingi zinazouzwa kwenye flashi ni zile zilizovunjwa ulinzi, na maelekezo yake ya kwanza ni “zima antivairasi, kisha tenga folda hii”. Aliyekupa maelekezo hayo anakuomba umfungulie mlango ukiwa umegeuka. Sisemi kwamba yako ni hiyo. Nasema mtu yeyote anayesoma hapa asitumie hatua nilizoandika kwa kazi hiyo.

---

Studio_Mkolani – Jumamosi, saa 1:45 usiku

Nimefanya yote. Kashe iko D:\Kashe, imetengwa, faharasa imerudi Classic. Orodha inaonyesha mstari mmoja tu, D:\Kashe. Kufungua projekti kumeshuka kutoka dakika 12 mpaka karibu 5. Kikoba nimempelekea mwandishi ujumbe wenu, nasubiri SHA yake.

Yamebaki mawili. Nathibitishaje kwamba Kashe kweli haikaguliwi? Na je, nikibadilisha diski kuwa SSD (isiyozunguka) bado nitahitaji kuitenga?

---

Nyegezi_IT – Jumamosi, saa 2:20 usiku

Kuthibitisha, kwenye PowerShell ya msimamizi:

& "C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -CheckExclusion -Path "D:\Kashe"

Itakujibu kama njia hiyo imetengwa au la. Ikikataa amri, tumia MpCmdRun iliyo ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Platform, kwenye folda yenye toleo la juu kabisa.

Kutengwa hakumaanishi isiangaliwe maisha. Mara moja kwa wiki, mashine ikiwa haina kazi, endesha:

& "C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File "D:\Kashe" -DisableRemediation

Kwa hali hiyo Defender haijali orodha ya vilivyotengwa, inakagua kila kitu. Haifuti chochote, na matokeo yanatokea kwenye dirisha hilohilo, hayaingii kwenye “Protection history”. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujafunga.

---

Ziwa_na_Waya – Jumamosi, saa 2:38 usiku

Kabla ya SSD, angalia jambo moja kama intaneti yako ni ya simu. Ukiwa umeiwekea hiyo Wi-Fi alama ya “metered” ili bando lisiishe, Defender inaweza kukaa bila taarifa mpya za virusi kwa muda mrefu bila wewe kujua. Andika Get-MpComputerStatus, tafuta mstari wa AntivirusSignatureLastUpdated. Tarehe ikiwa ya wiki iliyopita, bonyeza “Check for updates” ndani ya Windows Security, au ruhusu kwa Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates $true. Anayebana bando sana apakue mpam-fe.exe kutoka Microsoft mahali penye intaneti ya bure, aje nayo kwenye flashi yake mwenyewe, abofye mara mbili.

Na hiyo Windows 10 iweke kwenye mipango. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Taarifa za virusi za Defender zimeahidiwa mpaka Oktoba 2028, lakini hizo hazizibi matundu ya Windows yenyewe.

---

Fundi_Kirumba – Jumamosi, saa 3:00 usiku

Kuhusu SSD: ndiyo, ibadilishe, na ukishahamia anza bila kutenga kitu.

Remove-MpPreference -ExclusionPath "D:\Kashe"

Fungua projekti ileile, hesabu muda kwa saa ya simu. Itenge tena, ifunge na kuifungua, hesabu tena. Fanya mara mbili mbili, kwa sababu mara ya kwanza baada ya kuwasha huwa nzito kwa vyovyote. Tofauti ikiwa ni sekunde chache, iache orodha ikiwa tupu. Ikiwa ni dakika, irudishe hiyo Kashe peke yake.

Ukitumia amri kuirudisha, andika Add-MpPreference -ExclusionPath "D:\Kashe". Usiandike Set-MpPreference, maana hiyo haiongezi, inafuta orodha yote iliyokuwepo na kuweka hiyo moja. Kikoba ikiwa imeshatengwa itaondoka nayo.